Tuma na ya kutolea: kwa nini hela haikai kwenye simu

Simu nyingi za kuombana hela hapa Kigoma huishia na maneno yaleyale: "Basi tuma na ya kutolea." Mwanafunzi anamwambia baba yake, fundi anamwambia mteja, muuza mchele wa Mwanga, hapa hapa mjini, anamwambia mama lishe anayemdai kilo ishirini. Anayeombwa hashangai. Anafungua menyu, anaongeza elfu na ushee juu ya kiasi alichoombwa, anaweka namba ya siri, na hela inafika kabla hajarudisha simu mfukoni. Wote wawili wanajua hela hiyo itageuzwa noti leo hii, wanajua kuitoa kuna bei yake, na hapo hapo wameshaelewana nani aibebe.

Ubishi wa makato vijiweni huwa mmoja: ni makubwa au yanavumilika? Naona swali hilo linatupeleka pembeni. Kinachoamua namna watu wanavyolipana kwa simu ni mahali makato yalipokaa katika safari ya hela. Yakikaa kwenye kutuma, watu wanatafuta njia ya kutotuma. Yakikaa kwenye kutoa, mzigo unamwangukia anayepokea, naye anaurudisha kwa aliyetuma. Yakikaa kwenye kulipa dukani, mwenye duka anakwambia mtandao unasumbua, ulete keshi.

Tutenganishe kwanza vitu ambavyo ujumbe wa simu huvichanganya. Kuweka hela kwa wakala ni bure kwa mteja. Kutuma kuna ada ya kampuni inayopanda kwa ngazi kadiri kiasi kinavyopanda. Kutoa kuna ada nyingine, na kwa kawaida hii ndiyo nzito zaidi. Ndani ya ada hizo mna fungu la kampuni na kamisheni ya wakala, na mna kodi: VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 unaotozwa kwenye ada za kutuma na kulipia. Halafu, nje kabisa ya ada, kuna tozo ya serikali iliyokuja mwaka 2021, ambayo nitaifikia. Mteja anayeona namba moja tu ya "makato" anamlaumu wakala aliyekaa mbele yake chini ya mwavuli, wakati wakala huyo analipwa na kampuni na hana hata shilingi anayoruhusiwa kukukata kwa mkono wake.

Watu huuliza pia kwa nini kampuni isiishi kwa kuzungusha hela zetu zilizolala, kama benki, ikatuachia kutuma bure. Jibu ni kwamba hela unayoweka kwenye simu haiwi ya kampuni. Inakaa benki kwenye akaunti ya dhamana, na faida inayopatikana huko inapaswa kuwanufaisha wateja. Ndiyo maana Tigo Pesa, ambayo siku hizi ni Mixx by Yas, ilianza mwaka 2014 kugawia wateja wake faida hiyo, na wengine wakafuata. Hela ikitulia, kampuni haipati kitu cha maana. Inapata hela ikitembea, na inapata zaidi ikitoka. Ukilijua hilo, bango la makato linaanza kusomeka.

Sasa hesabu. Namba hizi nimezitunga ili mambo yawe mepesi, usizitafute kwenye bango la mtandao wowote. Tuseme kutuma 10,000 ni shilingi 400, na kuitoa ni 1,300. Jumla ni 1,700, yaani asilimia 17 ya hela yenyewe. Kutuma laki tano tuseme ni 2,500 na kuitoa ni 8,000. Jumla ni 10,500, asilimia mbili na ushee. Namba halisi zinatofautiana na hizi kwa mtandao na kwa mwaka, lakini umbo lake ndilo hilo: mwenye kidogo anakatwa kwa uwiano mkubwa kuliko mwenye kingi. Ukisikia mtu anasema makato ni kitu kidogo, muulize kwanza anatumaga shilingi ngapi.

Kuna na kaugumu kengine kwenye ngazi zenyewe. Ukiongeza ya kutolea, ile 10,000 inakuwa 11,300, na 11,300 inaweza kuwa imevuka kuingia ngazi ya juu yake, ada ya kutuma ikapanda. Wazoefu wanazijua ngazi hizi kwa kichwa. Utamkuta mtu anatuma 9,900 badala ya 10,000, au anamwambia mdogo wake asitoe yote, abakize mia tatu, ili asiguse ngazi inayofuata. Hakuna aliyewafundisha hayo darasani.

Tushuke Kibirizi, mwalo wa dagaa wa hapa Kigoma, tukaone hela moja ikizunguka.

Usiku wa giza mitumbwi ya dagaa inakuwa ziwani na taa zake, na alfajiri inarudi mwaloni. Mwezi ukiwa mpevu hawaendi, kwa kuwa taa hazivuti dagaa mwanga ukiwa umetapakaa kote. Kwa hiyo hela ya Kibirizi inakuja kwa vipindi, siku za giza nyingi, siku za mbalamwezi ukame. Tuseme mfanyabiashara yuko Dar es Salaam na anataka magunia. Jana jioni amemtumia kwa simu mama anayemnunulia mwaloni. Asubuhi mama huyo hawezi kumlipa mwenye mtumbwi kwa simu, hata kama mwenye mtumbwi ana laini tatu mfukoni, kwa sababu mwenye mtumbwi ana watu wa kuwalipa palepale mchangani: petroli ya usiku ule, chakula, na mgao wa vijana waliovuta nyavu. Kijana wa nyavu hataki kupokea 15,000 ambayo akiitoa inapungua. Anataka noti yake. Basi mama anakwenda kwa wakala, anatoa, anakatwa, analipa noti.

Mgao unapita. Kijana mmoja ana mke Kasulu. Anachukua 10,000 ya mgao wake, anarudi kwa wakala yuleyule, anaiweka kwenye simu na kuituma nyumbani, na ya kutolea juu. Mkewe anaitoa Kasulu, anaingia sokoni na noti. Tangu jana jioni mpaka saa sita mchana, hela ileile imetumwa mara mbili na kutolewa mara mbili, na kila mara kuna aliyekatwa. Katika mzunguko wote huo hakuna hata mmoja aliyenunua kitu kwa simu. Simu imefanya kazi ya kusafirisha noti bila noti kupanda basi, na imeifanya vizuri kuliko basi. Lakini malipo ya simu kwa maana ya kulipana, mkono kwa mkono, bado hayajatokea hapo.

Na wakala naye ana lake. Ili akuhudumie anatakiwa awe na floti, yaani salio la kazi, kwenye simu na noti kwenye droo, vyote viwili kwa wakati mmoja. Asubuhi ya dagaa kila mtu anatoa, hakuna anayeweka. Kufika saa tatu noti zimekwisha, na utasikia "keshi hakuna, subiri nishuke mjini." Anakwenda benki, anapanga foleni, anarudi na noti za watu kwenye begi, na hatari ya njiani ni yake. Kutoa kuna gharama ya kweli kuliko kutuma kwa sababu hii: kutuma ni ujumbe unaopita kwenye mitambo, kutoa ni karatasi ambayo lazima mtu aibebe. Anayedai ada ya kutoa ifutwe moja kwa moja inabidi aseme pia wakala wa Kibirizi atalipwa na nani.

Watu lakini hawakai wakisubiri mtu awapunguzie. Njia maarufu kuliko zote ni kuwekeana moja kwa moja. Badala ya kuweka hela kwenye simu yako kisha utume, unampa wakala namba ya ndugu yako wa Kibondo, anamwekea yeye. Kwenye mtambo inaonekana kama mtu kaweka hela, ambayo ni bure, na ada ya kutuma imekwepwa. Kampuni zinakataza, na wakala akibainika anaweza kukosa kamisheni ya muamala huo au zaidi. Kwa hiyo mawakala wengine wanakataa kabisa, na wengine wanakubali kwa sura unayoijua. Wengine hulimbikiza: badala ya kutuma elfu tano kila wiki, wanangoja mwezi uishe watume elfu ishirini mara moja, na nyumbani wanakopa dukani kungojea. Wapo pia waliorudi kumpa hela mtu anayesafiri. Ada haikuwaondoa watu hawa kwenye simu. Imewapunguzia tu sababu ya kuigusa.

Upande wa pili, angalia LUKU. Sijaona mtu Kigoma anayelalamika kununua umeme kwa simu kama anavyolalamikia kutoa. Bando vivyo hivyo, na malipo ya serikali kwa namba ya udhibiti. Ni hela ileile, simu ileile, mtu yuleyule. Tofauti ni kwamba hela ya LUKU inafia kwenye LUKU, hakuna anayekwenda kuitoa. Hapo kulipa kwa simu kunashinda keshi bila kuhubiriwa.

Mwaka 2021 nchi nzima iliingizwa kwenye jaribio ambalo hakuna aliyeliomba. Kuanzia tarehe 15 Julai mwaka huo, chini ya Sheria ya Fedha ya 2021, kila muamala wa kutuma na kutoa uliwekewa tozo ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi, juu ya ada za kawaida. Serikali ilieleza kuwa fedha zinakwenda kwenye madarasa, vituo vya afya na barabara za vijijini. Kelele zilikuwa kubwa, na kabla ya miezi miwili kuisha viwango vilishushwa kwa asilimia 30, cha juu kikawa 7,000. Julai 2022 vikashushwa tena kwa asilimia 43, cha juu kikawa 4,000, lakini safari hii tozo ikapanuliwa mpaka benki. Moto ukawaka upya, na kuanzia Oktoba 2022 sehemu ya tozo za benki zikaondolewa. Bajeti ya 2023/24 ikaiondoa tozo kwenye kutuma na kuiacha kwenye kutoa.

Miamala ilishuka tozo ilipoanza, na kampuni zililia kwenye taarifa zao za mapato. Ila funzo zuri zaidi liko kwenye namna ilivyopunguzwa. Ukitazama kwa juu juu, kuondoa tozo kwenye kutuma na kuibakiza kwenye kutoa ni sera ya kuwasukuma watu waache noti: tuma bila tozo, na ukitaka noti ndiyo ulipie. Kwa Dar es Salaam, ambako mpokeaji anaweza kulipa gesi, chakula na teksi bila kugusa noti, sera hiyo ina mantiki. Kwa kijana wa nyavu na mkewe wa Kasulu haibadilishi lolote, kwa kuwa mwisho wa safari yao ni noti. Tozo ya kutoa kwao ni tozo ya kutuma iliyochelewa kidogo, na mtumaji ameshaongeza ya kutolea.

Majirani na walio mbali walijaribu kwa njia zao. Uganda iliweka kodi ya asilimia moja kwenye miamala ya simu Julai 2018, na kabla ya mwaka kuisha ikaishusha mpaka nusu asilimia, kwenye kutoa peke yake. Ghana ilianza na asilimia moja na nusu mwaka 2022, ikashuka mpaka asilimia moja, na mwaka 2025 ikaifuta. Kenya ilikwenda upande wa pili: Machi 2020, korona ilipoingia, Benki Kuu ya Kenya ilisimamisha ada ya kutuma kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000 za kwao mpaka mwisho wa mwaka, na miamala midogo midogo ikapanda sana. Hilo la Kenya nalipenda kuliko mengine kwa sababu liligusa penyewe. Halikufanya kila kitu kuwa bure. Liliwaondolea ada ya kutuma wale wanaotuma kidogo, wale wa asilimia 17.

Brazili na India ndizo zinazotajwa sana kwenye mikutano. Mfumo wa Pix ulizinduliwa na benki kuu ya Brazili Novemba 2020, bure kwa mtu binafsi, na benki kubwa zililazimishwa kujiunga. India ilikuwa na mfumo wake wa UPI tangu 2016, na kuanzia Januari 2020 ikaondoa ada ambayo mwenye duka alikuwa akikatwa, huku serikali ikizifidia benki kiasi. Kote huko muuza chai anapokea malipo ya simu. Lakini huko watu wengi walikuwa na akaunti ya benki upande wa pili wa simu, na wa kupokea walikuwa tayari wengi. Ukichukua "bure" yao ukaileta Kibirizi bila kuleta hao wapokeaji, utakuwa umefanya bure sehemu ya safari ambayo haikuwa ndiyo inayouma.

Marekani kuna jambo linalochekesha ukilitazama ukiwa huku. Benki kuu yao ilizindua mfumo wa malipo ya papo hapo uitwao FedNow Julai 2023, miaka 15 baada ya M-Pesa kuanza Tanzania mwaka 2008. Kule programu nyingi za simu zinakupa uchaguzi: hela ifike benki bure baada ya siku moja mpaka tatu, au ifike sasa hivi ukatwe asilimia kidogo. Mmarekani analipia haraka. Sisi haraka tumeizoea, hatujui hata kama ni huduma, na tunacholipia ni noti. Kwa hiyo mtu akisoma utafiti wa huko unaosema watu hawako tayari kulipia malipo ya papo hapo, asikimbilie kuuweka Kigoma. Swali wanaloulizwa si letu.

Kwetu, kazi kubwa ya chinichini imefanywa kwenye kuunganisha mitandao. Wakongwe wanakumbuka ulikuwa ukimtumia hela mtu wa mtandao mwingine, anapokea namba ya kutolea tu, hela haiingii kwenye salio lake, na ada ilikuwa juu. Kuanzia 2014 kampuni zilianza kuunganishana kwa makubaliano, na mwaka 2016 Vodacom ikaingia. Sasa kuna TIPS, mfumo wa malipo ya papo hapo wa Benki Kuu ya Tanzania, ambao kampuni za simu na benki zinaunganishwa mahali pamoja badala ya kila mmoja kuwa na waya wake kwa kila mwenzake. Benki Kuu ina pia TANQR, ile alama ya mraba ya kuskani, ili duka liwe na alama moja kwa mitandao yote na benki zote. Haya yanapunguza gharama ya kutuma na kulipa kati ya mitandao. Gharama ya karatasi iko palepale.

Inabaki lipa namba, ile namba ya duka ya kulipia kwa simu. Kwenye lipa namba mteja kwa kawaida hakatwi au anakatwa kidogo, na mwenye duka ndiye anayekatwa anapohamisha au kutoa. Sasa mwenye duka wa Mwanga ananunua mawese kwa mtu wa kijijini anayetaka noti, analipa kibarua noti, analipa kodi ya pango noti. Kila anachopokea kwa lipa namba lazima akitoe, na kila akitoa faida inaliwa. Ndiyo maana wengine wameweka bango la lipa namba ukutani, na ukitaka kulipa wanakupa namba yao ya kawaida, "tuma na ya kutolea kaka." Wengine wanaogopa watu wa kodi, TRA, kuona mauzo yao, na kusema kweli hofu hiyo siyo ndogo. Kuilaumu ada peke yake ni kuwaonea huruma kupita kiasi.

Bajeti ya 2025/26 ilikuja na pendekezo la kushusha VAT kutoka asilimia 18 hadi 16 kwa mnunuzi wa kawaida anayelipa kwa benki au kwa njia ya kielektroniki. Ni mara yangu ya kwanza kuona upande wa kulipa ukipewa zawadi badala ya upande wa kutoa kuongezewa adhabu, na kwa hilo naunga mkono. Ila VAT ni ya aliyesajiliwa, na wa kusajiliwa kwa lazima ni mwenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 200 kwa mwaka. Supamaketi itaisikia. Mama wa dagaa, muuza mchele na mama lishe hawamo.

Kwa Kibirizi ningeanza na petroli. Ni gharama ya kila usiku wa giza, muuzaji wake ni mmoja mmoja anayejulikana, na yeye mwenyewe analipa shehena yake kwa benki, hahitaji noti ya mvuvi. Akipokea lipa namba bila kupandisha bei ya lita, fungu la petroli linatoka kwa mnunuzi wa Dar es Salaam mpaka kwenye tangi bila kupita kwa wakala. Mgao wa vijana utaendelea kuwa noti, mpaka siku muuza unga wa Kasulu naye atakapokuwa na sababu ya kupokea malipo ya simu.